Vito vya Redio ya Min Odhiambo

Wekeni kisu chini kwanza. Nawaambia nyinyi vijana mliojaa kwenye vibanda vya kutengeneza simu na redio kuanzia Migori mpaka Homa Bay, kwa sababu nilipita huko majuzi nikaona jinsi mnavyobandua vitu. Mtu analeta spika yake ya zamani iliyojaa stika na shanga, anasema anataka iwe safi, na kabla hajamaliza kusema mmeshaingiza ncha ya kisu chini ya stika. Plastiki inalia kriii. Mwenye kitu anafumba macho. Na mimi, niliyekuwa napita tu kutafuta chaja, nikafumba yangu.

Jina langu ni Auma. Nilianza kazi ya redio Rongo, nikahamia Homa Bay nikakaa huko mpaka mgongo ukakataa kiti cha fundi, na sasa niko nyumbani karibu na Oyugis, nalima njugu. Watu wakisikia kwamba mwanamke alikuwa fundi wa redio huuliza niliwezaje. Niliweza vile wanaume huweza: nilikaa karibu na mtu anayejua, nikanyamaza, nikatazama mikono yake.

Leo sitaki kuwafundisha waya. Waya mnazijua kunishinda, na hizo redio zenu ndogo za siku hizi zikifunguliwa sioni hata mahali pa kuanzia. Nataka kuwaambia habari za ngozi ya kitu, yaani ile plastiki ya nje ambayo mafundi wengi huiona kama nguo tu ya kuvua. Na nitawaambia kupitia redio moja ambayo haikuwa hata mbovu.

Aliileta mwanamume aliyeitwa Odhiambo, asubuhi, imefungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Alikuwa fundi wa injini za boti kule kisiwani Mfangano, na ilionekana: kucha nyeusi, shingo nene. Lakini alivyoiweka ile redio juu ya meza yangu, mtu angedhani anaweka mayai.

Ilikuwa redio kaseti kubwa, spika mbili, mkono wa kubebea juu. Plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Na juu ya hiyo plastiki, mungu wangu! Vito vya kung'aa, vyekundu na kijani na zambarau, kama vile vinavyoshonwa kwenye gauni la bibi harusi. Nyota za plastiki. Mioyo. Vifungo vya shati. Nusu shanga nyeupe mfano wa lulu. Stika za wachezaji wa mpira, na stika ya malaika aliyepoteza kichwa. Vilikuwa vimebandikwa kila mahali, kwenye nobu, kwenye vitufe vya kaseti, kuzunguka kioo cha stesheni.

"Hii imefanya nini?" nikamuuliza.

"Haijafanya kitu, Mama Auma. Inalia vizuri kabisa. Shida ni haya mapambo. Nataka yatoke yote."

"Ni yako?"

"Ni ya mama. Baba alimnunulia nikiwa bado mdogo, shule ya msingi. Ilikuwa nyeupe kama maziwa. Kwetu hakuna mtu alikuwa anaruhusiwa kuigusa kama hajanawa mikono."

"Na mapambo aliweka nani?"

"Si ni watoto wa dada yangu. Unajua watoto. Mimi nilikuwa Mombasa miaka hiyo yote nikitafuta. Nimerudi nimekuta wameigeuza hivi."

Nilikuwa na desturi ya kuuliza swali moja zaidi, kwa hiyo nikauliza, "Na mama mwenyewe anasemaje?"

Odhiambo akaangalia mlangoni, halafu akashusha sauti. "Mama haoni. Macho yaliingia ukungu nikiwa huko Mombasa. Sasa tumemvusha kutoka Mfangano, yuko hapa Homa Bay kwa dada yangu Lilian, atafanyiwa operesheni wiki hii. Nataka wakimfungua bendeji, kitu cha kwanza aone ni redio yake, vile baba alimletea. Nimeichukua akiwa amelala. Tafadhali usimwambie mtu."

Niambieni nyinyi, nani angekataa kazi kama hiyo? Nilimwambia aende, nitaifanya siku hiyo hiyo, na nitaifanya pole pole.

Sasa sikilizeni kazi ilivyo.

Cha kwanza ni kutoa stima na kutoa mawe. Nasema mawe, nyinyi mnasema betri. Kitu chenye moto ndani hakiguswi na maji wala mafuta. Kama ni simu au spika yenye betri ya ndani ya kuchaji, usiipashe joto kabisa mpaka betri iwe nje, maana betri hizo zikivimba hazikupi muda wa kuomba msamaha.

Cha pili ni kujua gundi. Mapambo hayafanani. Kuna stika ya karatasi, kuna kito chenye gundi laini ya kunata, na kuna kifungo kilichoshikishwa na ile gundi kali ya kichupa kidogo, inayoshika vidole mpaka unafikiri utazeeka hivyo. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Haya nilifundishwa na Ogola, mwenye kibanda cha redio Rongo, mwalimu wangu. Ogola alikuwa mtu wa haraka alipokuwa kijana, na petroli ndiyo iliyomponya haraka hiyo. Mwenye baa mmoja alimletea redio mpya yenye stika ya duka mbele, akataka itoke. Ogola akachovya kitambaa kwenye petroli akapangusa. Stika ilitoka, na uso wa redio ukatoka nayo. Plastiki iligeuka nyeupe, ikawa laini kama ugali wa moto, na Ogola aliposhika aone kama imekauka, kidole gumba chake kikazama. Alama ikabaki pale milele, mistari yote ya ngozi. Yule mwenye baa alikasirika, halafu akaona ni kitu cha kuchekesha, akaiweka redio juu ya kaunta, na kila mteja akawa anaonyeshwa: hii hapa imetiwa sahihi na fundi mwenyewe.

Kuanzia hapo Ogola hakuruhusu petroli, wala thina, wala dawa ya kutoa rangi ya kucha, ikaribie plastiki. Na kila maji mengine mapya, hata spiriti ya hospitali, yalianza kwa kupakwa ndani ya mlango wa mawe, mahali ambapo hakuna anayeona, halafu tunakunywa chai. Chai ikiisha tunaangalia. Plastiki ikiwa bado inang'aa vile ilivyokuwa, tunaendelea. Ikiwa imefifia au inashika kidole, tunashukuru kwamba ilikuwa ndani ya mlango. Na kile kioo cha plastiki cha mbele ya stesheni msikipake spiriti hata kidogo. Kitapasuka vistari kama tope la ziwani wakati wa kiangazi.

Kwa gundi laini, dawa yake iko jikoni. Mafuta ya kupikia, kidogo, kwenye pamba. Unaweka juu ya gundi, unaacha inywe, unasugua kwa kidole. Ogola alikuwa anaiba mafuta kwa mkewe, na siku mkewe alipoficha chupa, akatumia njugu ya kusaga. Ilifanya kazi vizuri kuliko mafuta. Ila alisahau kupangusa kwa maji ya sabuni, na mwenye redio akarudi baada ya siku chache analalamika kwamba siafu wamehamia ndani na hawataki kutoka. Kwa hiyo mkitumia mafuta, malizeni kwa kitambaa chenye sabuni kilichokamuliwa mpaka karibu kukauka, na redio ilale ili tone lisikimbilie spika. Spika ya zamani ni karatasi. Ikilowa inaimba kama mtu mwenye mafua.

Stika za karatasi hutaka joto. Mimi nilikuwa naazima draya ya nywele kwa Achieng, jirani yangu wa saluni. Joto la wastani, draya isisimame mahali pamoja, na mkono wako wa pili uwe juu ya plastiki. Mkono ukiungua, plastiki nayo inaungua. Kwa joto hilo hilo niliwahi kubandua televisheni ndogo ya mfanyabiashara mmoja wa Migori, Mkurya aliyekuwa anauza ng'ombe kule karibu na mpaka, ambaye alikuwa amebandika stika za kampeni za kila uchaguzi, moja juu ya nyingine. Nilivyokuwa natoa tabaka, uso mmoja unatoka, mwingine unachungulia chini yake. Watu wakajaa kibandani. Huyu alituahidi barabara! Huyu alituahidi maji! Tulipofika kwenye plastiki yenyewe, tukakuta imepasuka kutoka kona hadi kona. Zile siasa zote ndizo zilikuwa zimeishika isianguke. Ilibidi nirudishe tabaka la chini kabisa nikatafute gundi ya plastiki. Kwa hiyo, kabla ya kubandua, gongeni pole pole kwa kucha na msikilize. Mlio ukiwa mfu, kuna jeraha chini.

Turudi kwa redio ya mama yake Odhiambo. Stika nilizitoa kwa draya. Vito nilivitoa kwa mafuta na kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Huo ndio msumeno wangu. Unaupitisha chini ya kito, unashika ncha mbili, unavuta huku na huku, na gundi inakatika bila plastiki kujua. Ukihitaji kukwangua, chukua kadi ya zamani ya simu au kijiti cha aiskrimu, chochote kilicho laini kuliko plastiki yenyewe. Vifungo vya shati ndivyo vilivyoshikwa na gundi kali. Kwa hivyo nilinunua barafu kwa watu wa samaki, nikaifunga kwenye mfuko, nikaiweka juu ya kila kifungo mpaka kikawa baridi sana. Gundi ile ikipoa hukauka kama biskuti. Unasokota kidogo kwa uzi, tak, kinatoka. Lakini usigonge, maana plastiki ya uzee nayo ikipoa ni biskuti vilevile.

Kila kilichotoka nilikitia kwenye kopo la majani ya chai. Hiyo ilikuwa sheria ya Ogola: kilichokuja na mteja kinarudi na mteja, hata kama ni takataka.

Nilipomaliza, redio ilikuwa safi lakini ilikuwa na madoa kama ndege kanga. Kila mahali palipokuwa na pambo, plastiki ya chini ilibaki nyeupe, kwa sababu jua halikuifikia. Kwingine kote ilikuwa rangi ya chai. Nyota nyeupe hapa, moyo mweupe pale, viduara vya vifungo. Hivyo tuliviita vivuli, ingawa ni vyeupe. Na Odhiambo alitaka maziwa. Kwa hiyo nilikuwa nimechukua kwa Achieng ile krimu ya saluni ya kung'arisha nywele nyeusi ziwe rangi ya dhahabu. Ukiipaka kwenye plastiki ya namna hiyo, ukaifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki isikauke, ukaiweka juani, ule uzee unaondoka, na vivuli vinaondoka pamoja nao. Nilikuwa nimeshavaa glovu. Nilikuwa nangoja jua tu, maana mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na hayakuwa na haraka.

Ndipo Odhiambo akaingia akihema.

"Mama Auma, umefika wapi?"

"Nimemaliza kubandua. Imebaki kung'arisha."

Aliketi kwenye benchi. "Umemaliza," akasema. "Yote?"

Kabla sijamjibu, mlangoni kukawa na wanawake wawili. Mmoja alikuwa Lilian, dada yake. Mwingine alikuwa mama mrefu, mwembamba, kitambaa cha kanisa kichwani, ameshikwa mkono, uso umeinuliwa juu kidogo vile watu wasioona huinua. Min Odhiambo, ndivyo tunavyomwita mama wa Odhiambo kwetu.

"Iko wapi?" akauliza.

Lilian akamleta mpaka kwenye meza. Yule mama akaweka mikono yake miwili juu ya redio. Mikono ikaenda kushoto, ikaenda kulia, ikapanda juu ya nobu ikashuka. Ikarudia. Sijawahi kuona mikono ikipotea, lakini siku hiyo niliiona.

"Hii si yangu," akasema.

"Ni yako, mama," Odhiambo akasema. "Nilitaka tu kuisafisha."

"Yangu iko na nyota hapa." Kidole kikagusa mahali patupu kando ya nobu kubwa. "Iko na moyo hapa. Hii nobu iko na shanga. Nikizungusha shanga ikutane na nyota, hiyo ni stesheni yetu ya Kijaluo. Ikutane na moyo, hiyo ni misa. Sasa nitajua vipi?"

Lilian ndiye aliyesema, pole pole, akimwambia kaka yake lakini mimi nikisikia: "Watoto ndio walibandika, Odhis. Lakini yeye ndiye alikuwa anawaonyesha. Weka hapa. Weka hapa. Zingine waliongeza tu za urembo, wakamwambia inapendeza."

Odhiambo alishika kichwa. Hakuwa amefanya kitu kibaya, na mimi pia nilikuwa nimeuliza nikajibiwa kwa nia njema. Lakini pale kibandani sote tulijiona tumeingia nyumba ya mtu tukahamisha kuta.

Halafu nikaelewa kwamba jambo lilikuwa kubwa zaidi. Lilian alinieleza kwamba operesheni ilikuwa imeahirishwa. Presha ya mama ilikuwa imepanda, na daktari alisema hawezi kumgusa jicho mpaka ishuke, aende akapumzike. Na kupumzika mama hakuweza, kwa sababu dada yake wa tumbo moja alikuwa ameachwa mgonjwa sana kule Mfangano.

"Si mngewapigia simu watu wa huko?" nikauliza.

Min Odhiambo akageuka kuelekea sauti yangu. "Nyathina," akaniambia, mwanangu, "simu watu wanaificha. Wataniambia dada yako yuko sawa, kula chakula, lala. Wanaogopa presha yangu. Lakini redio haifichi mtu. Kila siku inasoma matangazo ya vifo. Kama ako kwa matangazo, nitasikia. Kama hayuko, nitalala."

Niliangalia glovu kwenye mikono yangu. Niliangalia kopo la majani ya chai, limejaa vito na nyota na vifungo vilivyochanganyika kama mchele na mawe. Halafu nikaangalia redio.

Madoa! Vile vivuli vyote vilikuwa bado pale. Kila nyota ilikuwa imeacha nyota, kila moyo umeacha moyo. Kama jua lingetoka mapema ningekuwa nimevifuta vyote, na hakuna mtu duniani angejua shanga ilikuwa wapi. Nilicheka kwa sauti mpaka Lilian akanishangaa.

"Mama, kaa hapa," nikasema. "Odhiambo, msogezee mama benchi. Hakuna kilichopotea."

Nikamwaga kopo juu ya meza. Nyota zilikuwa na ukubwa tofauti, na kila moja ilitoshea kwenye kivuli chake na si kingine. Mioyo hivyo hivyo. Vifungo ndivyo vilivyotaka kutushinda, kwa sababu vivuli vyao vyote ni duara. Nikamwekea mama kiganjani. Akavipapasa.

"Hii ya matundu mawili ni ya kuzima. Hii ya matundu manne ni ya kaseti. Hii iliyovunjika ukingo ni ya sauti, nilisema waweke iliyovunjika nisikosee."

"Na hivi vito vya zambarau?"

"Hivyo sijui. Hivyo ni vya urembo."

"Nivirudishe?"

Akafikiri. "Rudisha. Nimevizoea."

Safari hii sikutumia gundi kali. Nilitumia ile karatasi ya kunata pande mbili, nikaikata kwa umbo la kila kitu, ili kesho mtu akitaka kutoa asiteseke. Odhiambo alikuwa anashika tochi. Kila pambo lililorudi, mama alilipitia kwa kidole, anasema eeh. Mara moja alisema hapana, juu kidogo, na kweli nilikuwa nimeliweka chini ya kivuli chake.

Ya mwisho ilikuwa ile shanga ya nobu. Nikarudisha mawe. Nikamwambia, "Washa, mama."

Alizima kwanza, akawasha, kama mtu anayejaribu mlango wake mwenyewe. Halafu akazungusha shanga ikakutana na nyota, na sauti ya mtangazaji ikajaa kibanda chote. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye matangazo ya vifo.

Tulisimama. Hata Achieng wa saluni alikuja akasimama mlangoni na kitana mkononi. Mtangazaji alisoma jina, na kijiji, na watoto walioachwa, na wakwe, na mahali pa kuzika. Akasoma jingine. Jina moja lilianza kama la dada yake, na mama akashika ukingo wa meza, lakini ukoo ukatoka mwingine, wa Kanyada. Aliachia. Yakaendelea. Halafu ukaingia muziki.

"Hayuko," Min Odhiambo akasema.

"Hayuko, mama," Lilian akasema.

"Hayuko!" Na akaanza kucheka, machozi yakimtoka kwenye macho yale yasiyoona, na Odhiambo naye akacheka akilia, na mimi nikaingia nyuma kutafuta kitambaa ambacho sikukihitaji kwa kazi yoyote.

Walienda naye nyumbani, redio mapajani. Nilisikia baadaye kwamba presha ilishuka kabla ya Jumapili. Lilian alisema alilala mchana wote na redio ikinong'ona karibu na sikio. Daktari akamwita, akafanya jicho moja, kisha la pili.

Mimi nilibaki na hofu kidogo, kusema kweli. Kila nilipoona mtu wa Mfangano sokoni nilitaka kuuliza, halafu nikasita, kwa sababu jibu lingeweza kuwa lolote.

Baada ya muda, mchana wa jua kali, mwanamke mrefu aliingia kibandani peke yake. Hakushikwa mkono na mtu. Alikuwa amebeba redio, na miwani myeusi ya hospitali imepanda kwenye paji la uso. Akasimama ananitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ndiye Auma?"

"Ni mimi, mama."

"Kumbe uko mwembamba! Kwa sauti yako nilikuwa nafikiri wewe ni mama mnene."

Nilitoka nyuma ya meza nikamkumbatia. Nikamuuliza habari za dada yake.

"Ameamka. Ako kule anaanika omena na kugombana na watu. Ndiyo maana nimekuja mimi, yeye hana nafasi." Halafu akaweka redio juu ya meza kwa kishindo. "Sasa niambie ukweli. Nani aliweka takataka hizi kwa redio yangu?"

"Mama, ni wewe."

"Mimi? Zambarau na kijani? Pamoja? Hii ni nini, malaika hana kichwa! Na walikuwa wananiambia inapendeza! Wale watoto nitawapata."

Tulicheka mpaka tukakaa. Kisha tukaifanya ile kazi kwa mara ya pili, safari hii pamoja. Nilimpa uzi wa nailoni, na kwa kuwa amekulia kwenye nyavu, mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu. Alivuta, kito kinadondoka, anakiinua juani anakiangalia, anatingisha kichwa, anakitupa kwenye kopo. Nikavaa glovu, maana ile krimu huunguza vidole, nikapaka plastiki nikikwepa maandishi na spika na kila chuma, nikaifunika, tukaiweka nje kwenye jua. Tukaketi kivulini tukiigeuza geuza, kila upande upate jua sawa, hadi alasiri. Krimu ya namna hiyo mkiiacha ikauke, inaacha michirizi isiyotoka tena. Kwa hiyo msiiache juani mkaenda kula.

Nilipoiosha, ilikuwa rangi ya krimu, safi, bila nyota wala moyo.

"Haijawa nyeupe kama maziwa," nikamwambia. "Odhiambo alisema ilikuwa kama maziwa."

"Odhiambo alikuwa mtoto," akasema. "Kwake kila kitu kilikuwa cheupe. Ilikuwa hivi. Hivi hivi kabisa." Na akapitisha kiganja juu yake, pole pole, kama anavyopangusa mtu uso wa mwenzake.

Sasa nyinyi mtaniuliza, Mama Auma, somo ni lipi, tuulize kila mteja historia ya kila stika? Ndiyo, ulizeni, na hata mkishajibiwa, fanyeni kazi kwa namna ambayo mnaweza kuirudisha nyuma. Anzeni na kinachorudishika: joto, mafuta, uzi, barafu. Kisichorudishika kiwe cha mwisho, na mkikifikia, ngojeni kidogo hata kama hamna sababu. Mimi sikuwa na sababu. Nilikuwa nangoja jua tu, na bado usiku mwingine nikikumbuka hujishika kifua na kupumua.

Kabla hajaondoka, nilirudisha mawe nikamwambia ajaribu. Alishusha miwani, akainama karibu na kioo akitafuta namba, midomo ikisoma. Akazungusha. Ikalia kelele. Akazungusha tena, akapata stesheni ya Tanzania, mtu anauza dawa ya meno. Akakunja uso. Akajaribu kutoka upande mwingine, namba zikampita, kelele tena.

"Ngoja nikusaidie," nikasema.

"Acha."

Akavua miwani. Akafumba macho yale mapya, yote mawili, kwa nguvu. Mkono ukatulia juu ya nobu, ukasogea kidogo tu, na stesheni yao ya Kijaluo ikaingia safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Akafungua jicho moja kuangalia kama namba imekubali.